Kazi Isiyouzwa

Mwaka jana nilinunua mwiko sokoni ili binti yangu apate pointi shuleni. Aliyesoma Kongo hahitaji kuelezwa. Kazi za mikono ni somo lililo kwenye ratiba. Mwalimu anaagiza kila mtoto alete ufagio, mwiko, mchi au mkeka aliouunda mwenyewe, na siku ya kupeleka ikikaribia wazazi tunajaa soko la Kasongo asubuhi na mapema, tunatafuta vitu ambavyo watoto wetu watasema wamevifanya. Wauza miko wanatufahamu, na wiki hiyo bei haishuki. Mwalimu naye anafahamu. Mtoto wa miaka kumi hawezi kuunda mwiko wenye mpini ulionyooka vile, tena wenye alama ya moto ambayo fundi mmoja wa sokoni huitia kila kazi yake. Lakini mwalimu anaandika pointi, mzazi anapumua, na mambo yanapita. Binti yangu alipata tisa juu ya kumi.

Kilichonisumbua hakikutoka shuleni. Jioni ile mdogo wake wa kiume aliushika mwiko, akaugeuza huku na huku, akamwuliza: "Yaya, hapa palipopinda ulipakataje?" Yule mkubwa hakujibu. Alinitazama mimi. Nimewahi kutazamwa na watu wenye silaha na watu wenye vyeo, na sikumbuki kama nilipata kuinamisha macho haraka namna ile. Nilikuwa nimemfundisha mtoto somo, tena kwa pesa yangu, na somo lenyewe ni kwamba kazi ya mkono ni kitu cha kuonyesha tu, mradi baba anajua duka.

Nikitafuta sababu, naipata karibu. Marehemu baba yangu alijua kusuka migono ya kuvulia samaki Lualaba. Mimi sijui. Vita vilipoanza mwaka 1998 nilikuwa na miaka kumi, umri hasa wa mtoto kuketi kando ya mkubwa na kuangalia vidole vyake, lakini hadi mwaka 2003 tulikuwa watu wa kukimbia porini na kurudi, kurudi na kukimbia. Mwenye kusuka hakuwa na nafasi ya kusuka, na mwenye kufundishwa alikuwa amebeba godoro kichwani. Watu huhesabu nyumba zilizoungua na ng'ombe walioibwa. Sijaona mtu akihesabu migono ambayo haikufundishwa. Kizazi chetu kilipokua kikapata watoto, tuliwapa tulichonacho: karo, daftari, sare, na maneno mengi ya nasaha. Mikono yetu yenyewe haikuwa na cha kurithisha.

Jirani yetu ni mzee fundi mbao anayeishi kwa kuunda milango, vitanda na majeneza. Ndani ya atelie yake kulikuwa na kisumeno kimoja kimetundikwa ukutani, kimeshika vumbi. Si msumeno wa kupasulia ubao. Ni upinde wa chuma uliokunjwa kama herufi U, una mpini chini, na kati ya ncha zake mbili hufungwa ukanda wa chuma wenye meno, mwembamba kuliko njukuti ya ufagio. Kazi yake ni mikunjo na kona: jani, ndege, herufi, nyota, tundu la katikati ya ua. Mzee alikitumia ujanani kutobolea nakshi za migongo ya viti, enzi wateja walipokuwa wakizidai. Siku hizi mteja anataka kiti kiwahi tu.

Kazi hii ina ndugu zake mbali. Ulaya na Marekani, katika karne ya 19, watu walikuwa nazo nyumbani mashine za msumeno huo za kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Leo kuna za umeme: meza ndogo, ukanda unaopanda na kushuka katikati yake, na mtu anausogeza ubao kwa vidole akifuata mchoro. Haili umeme mwingi, pasi inaizidi mara nyingi, hata sola za kadiri zingeiendesha; mimi hapa Kasongo sijaiona. Wanaoitumia wengi wao si mafundi. Ni karani aliyestaafu, ni nesi aliyetoka zamu, ni mtoto na babu yake. Hawaifanyi kwa njaa. Wakimaliza, kitu kinawekwa dirishani au anapewa mjukuu, basi. Kwetu, kazi ya namna hiyo hata jina zuri haina. Ukimwambia mtu wa Kasongo kwamba fulani ameketi saa tatu akikata ndege wa mbao asiye na mnunuzi, atakuuliza kama fulani ana matatizo nyumbani.

Niliomba kisumeno kile kwa kukopa, kwa ajili ya binti yangu. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi, shule zimefungwa. Mzee alikifuta kwa kitambaa, akanitazama, akasema: "Kisumeno nitakupa. Lakini nani atakaa naye?" Nikadhani anahofia kidole cha mtoto. Nikamjibu kwamba mama yake yupo nyumbani. Akatikisa kichwa, akanipa hivyo hivyo. Maana ya swali lake niliielewa baada ya wiki mbili.

Kanda zenyewe ndizo zilizokuwa taabu. Alizokuwa nazo mzee zilikuwa zimeoza kwa kutu. Mfanyabiashara mmoja aliniletea pakiti moja ya kumi na mbili, zilizovuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kalemie, kisha zikapanda pikipiki kwenye barabara ambayo nisiizungumzie. Pakiti ya kanda kumi na mbili kwa nyumba nzima, na ukanda mmoja hukatika kama mtu anavyovunja njiti ya kiberiti.

Sasa angalia kazi inavyokwenda. Kipande cha tripleksi kilichobaki kwenye dari ya mtu kinatosha, chembamba cha milimita tatu au nne. Mtoto anachora ndege kwenye karatasi ya daftari, anaibandika juu ya ubao kwa uji mzito wa unga wa muhogo, anaacha ikauke. Pembeni mwa meza mzee alitupigilia kipande cha ubao kilichotoka nje kama ulimi, chenye pengo la umbo la V mbele. Ndege analazwa juu ya pengo hilo, mkono wa kushoto unamkandamiza, mkono wa kulia unashika mpini chini na kisumeno kinasimama wima. Meno ya ukanda yanaelekea chini, kwenye mpini, kwa hiyo kinachokata ni kuvuta. Kusukuma juu ni kurudi tu. Anayekuja na tabia ya msumeno mkubwa, wa kusukuma kwa bega, atakata kanda zote kumi na mbili kabla ya adhuhuri.

Halafu ile siri ambayo hakuna mtoto anayeiamini mpaka aione: ukifika kwenye kona, usigeuze kisumeno. Geuza ubao. Mkono wa kulia unabaki palepale ukipanda na kushuka, hauendi mbele, na mkono wa kushoto unamzungusha ndege polepole hadi mstari ujilete wenyewe kwenye meno. Kwa jicho la ndege, anatoboa kwanza tundu kwa msumari uliotiwa moto, anaufungua ukanda ncha moja, anaupitisha tunduni, anaufunga tena na kuukaza. Ukikazwa sawasawa, ukiugusa kwa kucha unalia kama uzi wa zeze. Ukikazwa kidogo, unayumba na kula nje ya mstari. Mzee alitufundisha pia kuupitisha kwenye kipande cha mshumaa ili usipate moto na kukwama. Na kitambaa puani, kila mara, hasa tulipohamia vipande vya mvule, ambao vumbi lake linawasha pua na ngozi na linaweza kumletea mtu pumu. Hili halina mjadala: asiye na kitambaa hakati.

Siku ya kwanza binti alivunja kanda tatu. Ya tatu ilipokatika alilia, kilio kile cha hasira kisicho na machozi mengi. Mimi nilikuwa nimeketi karibu, nimehesabu kilichobaki kwenye pakiti, na nilifanya walichofanya wazazi tangu dunia iumbwe: nilimnyang'anya. Nikafunga ukanda wa nne, nikamalizia bawa mwenyewe, nikamrudishia ndege nikisema, "Unaona? Hivi." Bawa lilitoka vizuri. Binti aliondoka akaenda kuchota maji, na hakurudi kwenye meza siku mbili.

Mzee alipoona yule ndege, alijua papo hapo bawa la baba na bawa la mtoto. "Mwanangu," aliniambia, na mimi nina watoto wanne, "umenunua mwiko mwingine."

Nimelifikiria neno hilo sana. Kiswahili kina methali zake za malezi na sisi wa Kasongo, tunaojivunia Kingwana, Kiswahili chetu cha huku, hatukosi kuzitumia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wengi wetu tumeisikia kama ruhusa ya fimbo: mpige leo, asije akakuliza kesho. Mimi siku hizi naisikia kwa namna nyingine. Mtoto analia kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba kitu kigumu kimemshinda kwa mara ya kwanza. Kilio hicho ndicho tunachokichelea hasa kuliko kilio cha fimbo. Fimbo tunaimudu, maana inachukua dakika moja na mzazi anarudi kwenye shughuli zake. Kumwacha mtoto alie juu ya ukanda uliokatika, ukae hapo bila kumkaripia na bila kumsaidia, hadi afunge mwingine mwenyewe, ni kazi inayochosha mgongo. Inataka saa nzima, na saa ndiyo tunayoibania. Karo tutakopa tulipe. Saa hatukopi.

Ndilo lililokuwa swali la mzee: nani atakaa naye. Hakuhofia kidole. Kisumeno hiki kikikosea kinachuna ngozi, hakikati mfupa. Katika misumeno yote ndicho mtoto anachoweza kukabidhiwa mapema. Alichokuwa akiuliza ni kama kuna mtu mzima aliye tayari kukaa bure.

Watoto wetu wana wa kukaa nao, lakini wengi si wa bure. Upande wa Kabambare, kule Salamabila na Namoya, dhahabu imekusanya watoto wengi kuliko kengele ya shule. Wanatwanga mawe, wanachekecha, wanabeba mifuko, wanawauzia wachimbaji maji na mandazi. Mtoto wa karieri, yaani wa machimbo, anajua kazi, tena anajua kwa mikono, na mzazi wake atakuambia kwamba anamfundisha maisha. Sitasimama hapa Kasongo, penye mto na wali, kumkaripia mama aliyekimbia kijiji chake mara tatu na kumtuma mwanawe kwenye shimo ili wale usiku. Sheria imekwisha kusema: ile ya ulinzi wa mtoto, nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inaweka miaka 16 kuwa umri wa kuajiriwa. Njaa haisomi sheria. Lakini tusichanganye maneno kwa kuwa tumebanwa. Kumfundisha mtoto kazi na kumtumikisha mtoto ni vitu viwili, hata kama chombo ni kimoja na jasho ni moja.

Mpaka wa vitu hivyo sikuujua kwenye karieri. Niliujua mezani kwangu. Mwisho wa mwezi wa nane binti alikuwa amekata ndege sita, jogoo mmoja na jina la mama yake, herufi nne zilizoshikana. Mwenye mgahawa karibu na soko aliliona lile jina, akapenda, akaniita pembeni. Alitaka kibao cha mgahawa wake, herufi nane, na dada yake anataka kibao, na shemeji yake. Akataja bei. Ilikuwa bei nzuri. Usiku ule nilifanya hesabu ya vibao vinne kwa wiki, nikapata daftari za watoto wote na viatu viwili, na nikaanza kupanga: asubuhi akate, mchana apige msasa, mdogo wake apake vanishi. Nilikuwa nimefika mbali. Kilichonizuia ni kitu kidogo: niligundua kwamba katika hesabu yote ile sikuwa nimeacha nafasi ya kukosea. Kanda zilizokatika nilikuwa nimeziandika chini ya hasara. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimejifunza, kwa aibu, kwamba ukanda uliokatika ndio somo lenyewe.

Nilimjibu yule mama kwamba atafute fundi. Alinuna. Mke wangu pia hakufurahi, na ana haki. Viatu havikupatikana hadi mwezi wa kumi.

Baadaye nilisoma habari za mtu wa Uswidi aliyeitwa Otto Salomon, aliyefungua chuo cha walimu mahali paitwapo Nääs mwaka 1875 ili wakafundishe watoto kazi za mbao. Wafini walikuwa wamewatangulia: tangu mwaka 1866 kazi za mikono ziliingia katika shule zao kwa lazima, kwa juhudi za Uno Cygnaeus, mchungaji wa kanisa. Salomon alishika jambo moja kwa nguvu: fundi anapofanya kazi, thamani iko kwenye kitu alichounda, mtoto anapofanya kazi, thamani iko kwa mtoto. Ndiyo maana mtoto afanye kitu cha kutumika nyumbani kwao, akikamilishe mwenyewe, akichukue kwenda nacho. Nilifurahi kuona kwamba mtu mwenye shule na mishahara na msitu mzima wa misonobari alihitaji vitabu kadhaa kufikia alipofika jirani yangu kwa sentensi moja. Lakini namshukuru pia, maana ameiandika, nasi tunapenda kilichoandikwa.

Watu waliuliza pia kuhusu binti yangu kuwa msichana. "Msichana na msumeno?" Panga amelishika tangu ana miaka saba, analichukua porini akakate kuni, na hakuna aliyewahi kuuliza. Sina la kuongeza hapo.

Kuna swali moja nililotamani nisiulizwe. Kwenye simu yangu mlikuwa na picha ya jengo la Unguja, lile la dispensari ya zamani lililo ufukweni karibu na Forodhani, lenye baraza za mbao zilizotobolewa nakshi ghorofa juu ya ghorofa, kama pazia la kusukwa. Binti aliikuza picha hadi ikawa vidoti, akapitisha kidole kwenye kila tundu. "Baba, hii nani aliikata?" Nikamwambia ninachojua: mafundi wa mila ya Kihindi, kwa fedha za tajiri aliyeitwa Taria Topan, kuanzia mwaka 1887 hadi 1894. "Na yeye fedha alitoa wapi?"

Hapo mtu anaweza kusema biashara, akaendelea kunywa chai. Lakini tulikuwa Kasongo. Taria Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mitaji ya misafara, na Tippu Tip alitawala hapa, na pembe za ndovu zilizotoka Maniema, mkoa wetu huu, zilitembea hadi pwani juu ya mabega ya watu, wakiwemo watumwa. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo, likiongozwa na Dhanis, lilipouteka mji wa zamani kutoka kwa Sefu, mwana wa Tippu Tip, daktari Mwingereza aliyefuatana nalo, Sidney Hinde, alistaajabia utajiri aliouona. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1897 anataja mpaka vitanda vya nakshi ambavyo askari wa kawaida walijikuta wakilalia, na vyandarua vya hariri. Mji ule leo ni magofu tunayoyaita Tongoni. Vitanda havipo. Vijukuu wapo, wa waliolala juu yake na wa waliovipiga msasa, na mara nyingi ni watu walewale, maana tumeoana. Na waliouteka mji hawakuja kuwaachilia watu wakapumzike. Walikuja na kazi zao, mpira na barabara na viboko.

Nilimweleza hivyo, kwa maneno mafupi zaidi. Nilimweleza pia kwamba kabla ya msafara wa kwanza wa Waungwana, watu wa pwani, Wabuyu wa upande wa Kabambare walikuwa wachongaji, wakichonga mababu zao katika mbao, mikono imeshika tumbo, macho yamefumba nusu. Sanamu hizo nyingi ziko Ulaya. Mtoto wa Kabambare akitaka kuona kazi ya babu wa babu yake, aombe viza.

Wapo watakaosema mtoto wa miaka kumi na moja asibebeshwe hayo. Mimi naona anayeshika chombo cha nakshi anastahili kujua kwamba uzuri wa kitu hausemi chochote kuhusu namna kilivyopatikana, lazima uulize. Nasi wa Kasongo tuna desturi ya kuwasimulia watoto ukuu wa mji wa zamani, bustani na michele na kanzu, na kuruka nani alikuwa akilima. Ni mwiko wa sokoni huo pia. Binti alisikiliza, akanyamaza, akauliza kama wale waliopiga msasa vitanda walikuwa na vitambaa vya pua. Nilimwambia sidhani.

Kwa mzazi anayetaka kujaribu, asisubiri kisumeno. Tafuta mkubwa mmoja aliye karibu nawe anayejua kitu kwa vidole: kusuka ukili, kufinyanga, kushona viatu, kuunda mitego, kutengeneza redio. Wapo wachache na wanazeeka. Mwombe saa moja kwa wiki, na saa hiyo uwepo na wewe, uketi chini, usishike simu. Usimlipe mtoto na usiuze alichofanya, walau mwaka wa kwanza. Akiharibu, hesabu kwamba umelipa karo. Na akikuzidi, jambo litakalotokea mapema kuliko unavyodhani, mwache akufundishe. Mimi kona ya ndani bado inanishinda. Mtoto wangu wa kiume, aliyeuliza lile swali la mwiko, ananisahihisha kila mara: "Geuza ubao, Baba, usigeuze mkono."

Mwaka huu mwalimu ameagiza miko tena. Mzee aliturandia kipande cha ubao hadi kikabaki unene wa kidole cha mwisho. Binti alichora, akabandika kwa uji wa muhogo, akakata kwa jioni nne, kwa sababu unene ule si wa kisumeno na ukanda ulikuwa ukipata moto. Akakatisha kanda mbili, akakwangua kijiko kwa kisu, akapiga msasa mpaka mama yake akalalamika juu ya vumbi. Mimi nilikaa. Jioni ya tatu mkono wangu ulinyanyuka kidogo kutoka gotini, nikaurudisha.

Amepata sita juu ya kumi. Pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu kwamba mpini umepinda. Ni kweli, umepinda.